Jirani Aishiye Chini ya Tuta



Masika yanapokaribia, katika pande zetu za Maramba watu huzungumza habari za mbegu, za palizi na za barabara zitakazokatika. Ni wachache wanaozungumza habari za tuta la lambo. Lambo hukumbukwa wakati wa kiangazi, linapokauka na ng'ombe wanapolia. Likijaa, watu humshukuru Mungu, huteka maji na kwenda zao. Kumbe ni wakati linapojaa, wala si linapokauka, ndipo lambo huweza kuua.

Kwa ajili hiyo tumeona vema kuandika maneno haya. Tunaamini kwamba kukagua tuta la udongo ni wajibu wa haki, na si kazi ya wahandisi peke yao. Tena tunaamini kwamba ukaguzi wowote usiowashirikisha wale wanaoishi bondeni, chini ya tuta, ni ukaguzi nusu.

TULICHOKIONA

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa kubariki lambo moja ambalo hatutalitaja jina, kwa kuwa makosa yake ni ya wengi. Lilikuwa limejengwa kwa fedha za wafadhili na kwa nguvu za wananchi waliobeba udongo na mawe. Palikuwa na ngoma, hotuba na pilau. Tulinyunyiza maji ya baraka juu ya tuta, tukapigwa picha, tukaondoka. Nasi tunakiri mbele yenu kwamba hatukurudi tena kulitazama.

Tulirudi majuzi baada ya vuli, tena kwa sababu ya ugomvi uliofikishwa mbele ya wazee wa kigango. Wenye mifugo walikuwa wameweka viroba vya udongo katika utoro wa maji, yaani ule mfereji mpana wa pembeni unaopitisha maji ya ziada wakati lambo limejaa. Walitaka maji yapande zaidi yawafae kiangazi. Vijana wavuvi nao walikuwa wamesimika uzio wa miiba mahali hapohapo ili samaki wasitoroke. Watu wa bondeni walilalamika, lakini kamati haikuwasikiliza, kwa maana bondeni hapakuwa na mjumbe hata mmoja wa kamati.

Tulitembea juu ya tuta. Mijohoro iliyopandwa kwa ajili ya kivuli ilikuwa imenenepa, na mizizi yake imeingia ndani ya udongo. Ng'ombe walikuwa wamechimba njia zao katika ubavu wa tuta, na mahali walipozoea kuvuka palikuwa pamebonyea. Palikuwa na vichuguu viwili na mashimo ambayo watu walisema ni ya kenge. Na kule chini, kwenye kitako cha tuta, mahali ambapo siku ya baraka palikuwa pakavu, tulikuta magimbi yamestawi vizuri mno. Mwenye bustani alitusimulia kwa furaha kwamba hapo hamwagilii kamwe, maji hutoka yenyewe.

Tuliuliza michoro ya ujenzi iko wapi, hakuna aliyejua. Tuliuliza lambo ni la nani. Kijiji kilisema ni la wafadhili. Kamati ikasema ni la wilaya. Wengine wakasema ni la wote. Basi lambo la wote limekuwa lambo la hakuna. Mama mmoja mzee wa bondeni alituambia hivi: "Baba, wenzetu wa juu huyaona maji mchana. Sisi huyasikia usiku." Maneno hayo hayajatutoka.

UDOGO WA LAMBO USITUDANGANYE

Wapo wanaosema kwamba mambo ya usalama ni ya mabwawa makubwa, yale ya umeme, au Bwawa la Mabayani katika Mto Zigi linalolipatia maji Jiji la Tanga. Lambo letu, wanasema, ni kidimbwi tu. Hebu tupige hesabu. Lambo lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50, na kina cha wastani wa mita 2, lina mita za ujazo 10,000 za maji. Kila mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja. Hizo ni tani 10,000, sawa na shehena za malori 1,000 ya tani kumi kumi. Shehena hiyo imezuiliwa na udongo tu, nayo ikipata upenyo haitoki kidogo kidogo kama maji ya bomba. Hutoka pamoja na tuta lenyewe, na miti, na mawe.

Majirani zetu wa Kenya walilijua jambo hili kwa machozi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo lililojulikana kwa jina la Patel lilipasuka baada ya mvua nyingi za masika. Lilikuwa bwawa la shamba kubwa la mtu binafsi, wala si bwawa la serikali. Maji na tope vilizikumba nyumba zilizokuwa chini, na watu wasiopungua 47 walipoteza maisha, miongoni mwao watoto wengi. Baadaye mamlaka ya maji ya nchi hiyo ilisema kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Tazameni basi mgawanyo wa mambo: maji yalimfaa mwenye shamba juu ya kilima, na hatari iliwangojea maskini chini ya kilima. Hawakuulizwa wakati tuta lilipojengwa. Hawakupewa nafasi ya kulikagua.

NAMNA TUTA LA UDONGO LINAVYOKUFA

Tuta la udongo halifi ghafla, ingawa huonekana hivyo. Kwa kawaida hufa kwa njia tatu, na kila njia hutanguliwa na dalili.

Njia ya kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Udongo si zege. Maji yakianza kutiririka juu yake huubeba, hukata mfereji, na mfereji huo hupanuka kwa dakika chache. Ndiyo maana utoro wa maji ni roho ya lambo. Kuuziba ili kupata maji zaidi ni sawa na kumziba mtu pua ili pumzi yake isipotee.

Mfano wake ni wa kale lakini haujachakaa. Tarehe 31 Mei 1889, huko Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilipasuka, na mji wa Johnstown uliokuwa chini yake ukaangamia. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Bwawa hilo lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliokwenda huko kuvua na kupumzika. Kichwa cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapishane. Katika utoro wa maji waliweka wavu wa chuma ili samaki wao wasitoroke, na siku ya mvua kubwa wavu ule ulizibwa na takataka. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameondolewa zamani, wala hayakurudishwa. Uzio wa miiba tuliouona katika utoro wa lambo letu ni ndugu wa wavu ule.

Njia ya pili ni maji kuchimba ndani ya tuta. Kila tuta la udongo hunyonya maji kidogo, na unyevu mdogo ulio mweupe si ajabu. Hatari huanza pale maji yanapopata njia kandokando ya bomba, au ya mzizi uliooza, au ya shimo la mnyama, yakaanza kubeba chembe za udongo. Bandu bandu huisha gogo. Tundu la unene wa kidole likibeba udongo kila siku huwa pango, na siku moja tuta hudidimia kutoka ndani.

Njia ya tatu ni ubavu wa tuta kuporomoka. Hili hutokea pale ambapo miteremko ni mikali mno, au udongo haukushindiliwa vema, au umelowa kupita kiasi. Hutokea pia ubavu wa ndani maji yanapopunguzwa kwa haraka mno.

UKAGUZI AMBAO KIJIJI KINAWEZA KUUFANYA

Kuna mambo ambayo hayahitaji shahada. Yahitaji macho, miguu, na moyo wa kudumu. Watu wanne wenye panga, fimbo, kamba, ndoo, chupa nyeupe na daftari wanaweza kulikagua lambo dogo kwa asubuhi moja. Wafanye hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli. Wafanye kila mwezi lambo likiwa na maji. Na wafanye baada ya kila mvua kubwa, hata kama walikagua jana yake.

Waanze juu ya tuta. Watazame kama kuna mahali palipobonyea, kwa maana hapo ndipo maji yatakapopita kwanza. Mpira wa maji ambao mafundi waashi hupimia usawa unatosha kuonyesha jambo hilo. Watafute nyufa. Nyufa zote ziandikwe, lakini ufa unaolikata tuta kutoka upande wa maji hadi upande wa nje ni wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa waweza kuwa njia ya maji. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila kwa lambo tuongeze kwamba huenda asibaki mtu wa kuujenga.

Kisha watembee ubavu wa ndani, wakitazama kama mawimbi yamekula udongo au mawe ya kukinga yamesogea. Watembee ubavu wa nje, wakifyeka vichaka ili waone udongo wenyewe. Majani mafupi kama ukoka ni rafiki wa tuta. Miti si rafiki yake. Miche ing'olewe ingali midogo. Miti iliyokwisha kuwa mikubwa isikatwe wala kung'olewa bila ushauri wa mtaalamu, kwa sababu mizizi inayooza huacha matundu.

Wakae zaidi kwenye kitako cha tuta. Mahali penye majimaji papigwe kigingi, ili mwezi ujao ionekane kama pamepanuka. Penye mchirizi, maji yakingwe kwa ndoo na muda wa kujaa uandikwe. Ndoo ikijaa upesi kuliko mwezi uliopita ilhali lambo halikuongezeka, hiyo ni dalili mbaya. Maji hayo yatiwe katika chupa nyeupe na kuachwa yatulie. Yakiwa meupe, waendelee kuyaangalia. Yakiacha tope chini ya chupa, tuta linaliwa ndani, na mhandisi aitwe siku hiyohiyo.

Mwisho wauendee utoro wa maji. Uwe wazi kabisa: usiwe na viroba, uzio, miti iliyoanguka, wala mahindi ya mtu. Kama sakafu yake imeanza kuchimbika na korongo linapanda kuelekea lamboni, hiyo pia iandikwe.

Tunatoa onyo moja. Mchirizi wa tope ukionekana, msikimbilie kuuziba kwa udongo wa mfinyanzi upande wa nje. Maji yaliyozibwa hapo hutafuta njia nyingine, tena kwa nguvu zaidi. Wataalamu hutandika mchanga na kokoto kwa vipimo vyake, ili maji yapite na udongo ubaki. Kazi ya kijiji ni kuona, kuandika, kupunguza maji taratibu kama kuna bomba lenye koki, kuwahamisha watu wa bondeni, na kumwita mwenye ujuzi. Kazi ya kutibu ni ya mwenye ujuzi.

SHIMO LILILOACHWA WAZI

Mtu atasema: hayo ni mambo ya ufundi, Padre yanamhusu nini? Twamjibu kwa Maandiko. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, anayechimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mtu akatumbukia, ndiye anayewajibika kulipa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo darini, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Sheria hizo zilitolewa kwa wakulima na wafugaji kama sisi. Wala hazikuuliza kama mwenye shimo alikuwa na nia mbaya. Ziliuliza kama alilifunika.

Wengine husema kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu. Tukumbuke mnara wa Siloamu, ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, habari tunazozisoma katika Injili ya Luka, sura ya 13. Bwana wetu alikataa kuwahesabu waliokufa kuwa wakosefu kuliko wengine. Akawageukia waliokuwa hai akawataka wabadilike. Tusimsingizie Mungu viroba tulivyovipanga kwa mikono yetu.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wenye mifugo. Kiu yao ni ya kweli. Tumeiona mizoga ya ng'ombe kiangazi, na tunajua kwamba ng'ombe ni karo ya mtoto na matibabu ya mgonjwa. Lakini maji ya ziada hayapatikani kwa haki ikiwa hatari yake yote anatwishwa mwingine asiyekubali. Zipo njia za halali: kuondoa tope lililojaa lamboni, kuzuia mmomonyoko kule juu, au kumwita mhandisi apime kama tuta laweza kuinuliwa pamoja na utoro wake. Hizo ni za gharama na za taratibu. Kiroba ni cha bure na cha haraka, kwa sababu bei yake inalipwa na jirani.

Wala tusidhani kwamba kuandika tu kunatosha. Huko Libya, usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, mabwawa mawili yaliyo juu ya mji wa Derna yalipasuka katika dhoruba, na maelfu ya watu wakapotea. Mtaalamu wa nchi hiyohiyo alikuwa amekwisha kuandika mwaka 2022 akiomba mabwawa hayo yatengenezwe. Mwezi Julai 2024 mahakama iliwahukumu vifungo maofisa 12. Hukumu ni jambo jema, lakini haimrudishi mtoto kwa mama yake. Onyo lililobaki kabatini ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwanza, mwenye lambo ajulikane. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, pamoja na kanuni za usalama wa mabwawa zilizotungwa chini yake, haimruhusu mtu kujenga bwawa na kulisahau. Pande zetu ziko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi mwaka 2019. Serikali ya kijiji iandike barua kwa ofisi hizo, iombe lambo lisajiliwe na likaguliwe na mtaalamu, na itunze nakala. Barua isipojibiwa, iandikwe ya pili.

Pili, kamati ya lambo iwe na wajumbe kutoka bondeni, na miongoni mwao wawemo akina mama. Wao ndio wanaofika majini alfajiri. Wao ndio wanaoona kwanza kwamba maji yamebadilika rangi. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yanatufundisha kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya, isinyang'anywe na iliyo kubwa, na lile lililoizidi nguvu, isiachwe peke yake.

Tatu, daftari la ukaguzi lisomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Jambo likisomwa hadharani, hakuna atakayesema hakusikia. Hapohapo kijiji kitunge sheria ndogo ya kukataza kuziba utoro, kulima juu ya tuta na kupitisha mifugo mahali pasipotengwa.

Nne, ishara ya hatari ikubaliwe mapema. Ndugu zetu Waislamu wana vipaza sauti vya misikiti, sisi tuna kengele za vigango, na shule zina kengele zao. Maji hayaulizi dini ya mtu. Watu wa bondeni wajue sauti hiyo, wajue njia ya kukimbilia mlimani, na watoto waipite mchana ili waijue usiku.

Tano, na hili latuhusu sisi wenyewe. Tangu sasa tukialikwa kubariki lambo, tutauliza kwanza: michoro iko wapi, utoro uko wapi, daftari ni la nani, na nani anaishi chini. Baraka si mbadala wa ukaguzi. Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo, WAWATA, UWAKA na VIWAWA kuchagua siku moja kabla ya masika na kwenda kufyeka ubavu wa tuta pamoja na wanakijiji wote.

Kuhusu lile lambo letu, viroba viliondolewa baada ya vikao viwili virefu, na uzio wa miiba ukang'olewa. Mijohoro ingali imesimama ikimngoja mtaalamu, na magimbi yangali yakistawi pale kwenye kitako. Mwenye bustani amekubali kukinga maji ya mchirizi kila Jumamosi na kuyatia katika chupa. Chupa ya mwisho tuliyoiona ilikuwa nyeupe. Twaomba iendelee kuwa hivyo, nasi tutakwenda kuitazama tena.